Sukuma Niliiosha Mara Tatu

Jikoni kwangu Kitengela kuna mabeseni matatu. La kwanza lina maji ya chumvi, la pili siki, la tatu magadi. Nyanya ikiingia nyumbani kwangu inapita yote matatu kwa utaratibu huo, na sukuma wiki vilevile, na hoho, na hata ndizi, ingawa ndizi tunaimenya. Watoto wangu huliita jiko hilo maabara. Mume wangu, ambaye si msemaji, aliwahi kusema kwamba nyanya ikitoka beseni la tatu huwa haijijui tena. Nilimwambia akitaka kula sumu, hoteli ziko wazi.

Sikuzaliwa hivi. Nilikolelewa, upande wa Nyeri, sukuma ilikung'utwa udongo mara moja ikaingia sufuriani. Aliyeniharibu ni kaka yangu. Amekodi shamba Entarara, karibu na Loitokitok, na hupanda nyanya za kuuza Nairobi na huku kwetu. Nilipomtembelea nilikuta nyanya nyekundu, kubwa, zinang'aa, nikainama nichume mbili za kachumbari ya mchana.

"Acha hizo," akasema. "Hizo ni za soko."

Akanipeleka nyuma ya jiko. Kulikuwa na mstari mmoja wa nyanya zilizodumaa, zenye madoa, nyingine zimedonolewa na ndege. Hizo, akasema, ni za nyumbani, hajazipigia dawa. Nikamuuliza zile za soko alizipigia lini. Jana. Na zitaenda soko lini? Kaka yangu akaangalia juu kama mtu anayetafuta dalili za mvua.

"Kesho. Karatasi ya dawa inasema ungoje siku kadhaa, lakini broka hangoji."

Sasa mimi ndiye soko. Mimi ndiye ninayesimama kando ya barabara Kitengela nikibonyeza zile nyanya zinazong'aa na kumwuliza muuzaji kama ni fresh. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikanunua mabeseni.

Mtu pekee aliyewahi kunicheka waziwazi ni mama mkwe wangu. Anaishi nje kidogo ya mji wa Kajiado na mbuzi wake, ng'ombe wachache na mbwa wawili, na kila mwezi huja kutuona akiwa na kibuyu cha maziwa. Maziwa mabichi, yametoka kwa ng'ombe yakaingia kibuyuni, basi. Mimi huyaogopa maziwa hayo kuliko nyanya zote za Entarara, kwa sababu najua watu waliougua brucella wakaumwa viungo mwaka mzima. Watoto wangu hawakuruhusiwa kuyaonja. Yeye naye alikataa kabisa kula mboga zangu, akisema zinanuka duka la dawa. Mara moja nilichemsha maziwa yake bila kumwambia. Akaonja, akarudisha kikombe mezani, akaniuliza ni nani ameyaua. Tulipendana kwa umbali huo.

Jambo moja zaidi lazima niseme kabla sijaendelea. Naogopa sindano ya daktari. Mimi ni fundi wa kushona, nina duka la sare za shule, na nimejidunga vidole na sindano za cherehani mpaka sihesabu tena. Lakini nikimwona nesi ameshika ile yake, anaigongagonga kwa kucha, miguu yangu hutafuta mlango yenyewe. Chanjo zilipoletwa kanisani wakati ule wa corona, nilikuwa msalani kwa muda ambao ulimtia pasta wasiwasi.

Basi. Mama mmoja wa kanisani akaniambia kuna mzee mmoja huko Matasia anayelima sukuma bila dawa hata tone. Jumamosi iliyofuata nikaenda. Sukuma inauzwa mkabala na geti letu, hatua kumi na tano, lakini mimi nilipanda gari mpaka mjini, nikapanda lingine mpaka Ngong, kisha nikachukua boda boda. Tulikuwa abiria wawili na gunia la makaa. Kofia ya usalama ilikuwa moja, na ilikuwa imening'inia kwenye usukani kwa sababu mwenye pikipiki alisema inamfanya asikie joto. Tuliteremka mteremko wenye changarawe nikiwa nimemkumbatia mtu nisiyemjua, kichwa wazi, nikikimbia sumu ya kwenye majani. Ajabu ni kwamba niliona ninajitunza.

Mzee alikuwa mstaarabu. Alinionyesha sukuma yake kwa fahari, na kwa kweli ilikuwa imetoboka kila jani.

"Mama, ukiona mdudu amekula na hajakufa, hata wewe unaweza kula."

Nilifurahi sana. Nikainama kuchagua majani yenye matundu mengi zaidi, na hapo ndipo mbwa wake alipokuja nyuma yangu bila kubweka, akaniuma kwenye shavu la mguu, akaenda zake. Haikuwa vita. Alama nne, damu kidogo, soksi imetoboka kama sukuma.

"Hiyo mbwa haiumangi," mzee akasema.

Nikamwonyesha damu. Akaiangalia kwa makini.

"Labda ilikuogopa."

Na mimi, ambaye najiita mtu mwenye akili, nilimwambia aniongezee fungu moja kwa sababu nimetoka mbali.

Nilipofika nyumbani nilifanya kazi kwa bidii. Ile sukuma isiyo na dawa niliipitisha kwenye chumvi, siki na magadi, halafu nikarudia tena, na tena, maana mdudu naye ana uchafu wake. Mguu niliupangusa na kitambaa nilichochovya kwenye siki iliyobaki kwenye beseni, sikutaka ipotee bure. Kisha nikaufunga na kipande cha kitambaa cha sare, kijani. Nilimwambia mume wangu nimekwaruzwa na waya, na akaamini, kwa sababu ni mtu mwema.

Jumatatu asubuhi mama mkwe akaja na kibuyu chake. Alisimama mlangoni na shuka lake jekundu.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko, Yeyo," nikaitikia. Yeyo ni mama.

Tayari alikuwa anaangalia mguu wangu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni waya, Yeyo. Ni kitu kidogo tu."

Akaketi kwenye kochi, akanyoosha mkono nimpe mguu, na mtu hawezi kumnyima mama mkwe mguu. Akafungua kitambaa. Mwanamke huyu amechunga tangu alipojua kutembea na anajua meno ya kila mnyama kati ya hapo na mpaka wa Tanzania.

"Hii waya iko na meno," akasema. "Ni ya nani?"

Nikamweleza yote, Matasia, mzee, sukuma. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Aliniuliza kama mbwa alibweka. Nikasema hapana. Akauliza kama nilimkanyaga, kama kulikuwa na watoto wa mbwa, kama nilikuwa na nyama. Hapana, hapana, nilikuwa na sukuma. Akamwambia mume wangu ampigie simu yule mzee pale pale, aweke sauti juu tusikie sote.

"Mbwa? Mbwa iko," sauti ya mzee ikasema. "I mean, ilikuwa. Sijaiona tangu jana. Ilikataa chakula ikatoka tu."

Mama mkwe alisimama, akakunja shuka begani.

"Twende hospitali."

Nilikuwa na hoja nyingi. Nilisema kidonda kimeanza kukauka. Nilisema nimesikia kwamba sindano za mbwa hudungwa tumboni, ishirini na kitu, na sindano yenyewe ni ndefu kama ya kushonea magunia. Nilisema kwenye kundi letu la simu, la akina mama wa mtaa, kuna ujumbe uliotumwa ukieleza mambo ambayo hizo chanjo hufanya kwa damu.

"Simu yako imewahi umwa na mbwa?" akaniuliza.

"Hapana, Yeyo."

"Sasa inajua nini?"

Nesi alikuwa msichana mdogo mwenye sura ya kuchoka. Kwanza hakuleta sindano. Alinipeleka kwenye bomba, akafungua maji na kunipa sabuni. Niliambiwa nisugue mguu huo kwa dakika kumi na tano, maji yakitiririka.

"Jumamosi uliosha na sabuni dakika ngapi?"

"Nilipangusa."

"Ulipangusa na nini?"

"Siki."

"Lakini sukuma yake ilioshwa," mama mkwe akasema kutoka kwenye benchi. "Mara tatu."

Watu wa foleni walicheka, na nesi akaegemea ukuta. Baadaye, akinihurumia, aliniambia kwamba nyumbani kwake mboga huzisugua tu chini ya maji yanayotoka bombani, na watoto wake wako salama. Kisha akasema kichaa cha mbwa ni kitu kingine. Kikishaanza hakitibiki, dawa yake ni hii tu, kabla hakijaanza. Sindano ni tano na ni za mkononi. Leo, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki mbili, na ya mwisho mwezi ukikaribia kwisha. Hakuna ya tumbo siku hizi. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshamaliza na anaandika kadi, na nikaona aibu ya miaka yote niliyojificha.

Tulipotoka kwenye korido, mama mkwe akaniambia nipandishe mkono wa nguo. Akatoa kwenye mfuko wake kile kijiti cha chaki ya mafuta ambacho daktari wa mifugo huwekea alama wanyama. Wiki iliyotangulia walikuwa wamechanja mbuzi kwake. Mifugo hupitishwa kwenye kichochoro cha mbao mmoja mmoja, akidungwa anapigwa mstari mgongoni, na usiku hata ukiwa na mbuzi mia utajua nani amepata na nani ameruka. Yeye huamini mstari huo kuliko kadi yoyote. Akanichora mstari wa buluu kwenye mkono, juu ya kiwiko, mbele ya watu wote.

"Nabo," akasema. Moja.

"Yeyo, nimepewa kadi."

"Kadi inapotea."

Chaki hiyo imetengenezwa istahimili mvua, vumbi na mbuzi anayejisugua kwenye mti. Jioni nilijaribu maji ya chumvi. Nikajaribu siki. Nikajaribu magadi. Nilisimama mbele ya mabeseni yangu matatu na ule mstari ukiwa unanitazama vilevile, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza ni nini hasa nimekuwa nikitoa kwenye zile nyanya.

Alhamisi alikuja tena kutoka Kajiado, tukaenda, nikachorwa wa pili. Jumatatu nikachorwa wa tatu. Dukani wateja waliniuliza kama ni fasheni. Mwenyekiti wa akina mama kanisani alinivuta kando kuniuliza kama nimejiunga na kitu. Nilimwambia nimechanjwa na kupakwa rangi pamoja na mbuzi wa mama mkwe wangu, akaniombea.

Katika safari hizo tukafikia mapatano. Mimi ndiye niliyeyaanzisha, kwa hasira, siku ya sindano ya pili nilipokuwa na homa kidogo na mkono unauma. Nilimwambia haiwezekani mimi nidungwe tano ilhali yeye analeta brucella kwa kibuyu. Alifikiri mpaka tukafika kwenye geti.

"Ukimaliza hizo sindano zote, nitachemsha maziwa ya watoto."

"Na yako?"

"Mimi nimezeeka. Usiwe na tamaa."

Sindano ya nne ilikuwa Jumatatu ya wiki ya pili. Siku iliyotangulia, baada ya kanisa, simu ya mume wangu ililia. Ni yule mzee wa Matasia. Mbwa amepatikana kwa jirani. Ni mzima, anakula ugali, hana shida yoyote. Nilicheza pale sebuleni. Nesi alikuwa ametuambia kwamba mbwa akikaa siku kumi bila kuugua sindano zilizobaki zinaweza kuangaliwa upya, na hizo kumi zilikuwa zimepita. Nilioga, nikafuta sindano mbili akilini, nikalala vizuri.

Asubuhi mama mkwe alinikuta na kanga, ninaosha nyanya. Nikamweleza habari njema.

"Ni hiyo mbwa?" akauliza.

"Ndiyo, Yeyo. Mzee amesema inafanana kabisa."

"Inafanana."

"Rangi ni ile ile."

Akaketi kwenye kiti cha jikoni, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya, kwa sababu ya ile harufu. Akaangalia mabeseni.

"Kabla ya bwana yako nilikuwa na msichana," akasema.

Nimeolewa katika boma lile miaka kumi na minne na sikuwahi kusikia habari hiyo. Kwao aliyekufa hatajwi jina, na kwa hiyo mara nyingi hatajwi kabisa. Mume wangu mwenyewe alizaliwa baadaye. Nilizima bomba.

"Alikuwa anajua mbuzi kuliko mimi. Mbwa ilimuuma hapa kwa kisigino, kitu kidogo, kama yako. Tukapaka mafuta ya kondoo. Hiyo wiki daktari wa mifugo alikuwa amekuja. Tulikuwa tumengoja yeye siku nyingi, tukaamka mapema tukapanga wanyama. Mbuzi wote walidungwa. Wote wakapakwa rangi. Hata wale wadogo. Yeye ndiye alikuwa anashika mlango, anawaachilia mmoja mmoja."

Nikaiweka chini nyanya niliyokuwa nayo mkononi.

"Daktari alikuwa hapo na dawa. Mimi nilikuwa nahesabu mbuzi. Mwezi ukaisha, akakataa maji." Akasimama, akatengeneza shuka lake. "Hiyo mbwa inafanana. Vaa viatu, enkerai ai."

Enkerai ai ni mtoto wangu. Nilivaa viatu. Kwa nesi sikufumba macho. Niliangalia sindano ikiingia mpaka ikatoka. Nilikuwa nimeona aibu nyingi katika habari hii, lakini hii ilikuwa ya namna nyingine: kwamba mtu alikuwa amekaa na jambo kama hilo miaka yote, akanicheka na mabeseni yangu, na mimi nikadhani ni kwa sababu hajasoma. Akanichora mstari wa nne bila kusema namba.

Ya tano sikumngoja aje. Siku ilipofika nilidungwa asubuhi, peke yangu, nesi akashangaa nimefika kabla hajafungua dirisha. Kisha nikapanda gari nikaenda Kajiado. Nilimkuta kwenye kichochoro cha mbao na majirani zake, kwa sababu wiki hiyo walikuwa wakichanja kondoo. Vumbi, kelele, kila mtu anapiga makofi kuwasukuma mbele. Yeye alikuwa ameshika mlango. Huwa hamruhusu mwingine kuushika, na sasa nilijua ni kwa nini.

Aliponiona hakuacha kazi. Nilisimama nyuma ya kondoo wa mwisho mpaka akapita, nikapandisha mkono wa blauzi. Daktari wa mifugo alitutazama, sindano mkononi, akaamua kutouliza. Kijiti cha chaki kilikuwa kimekwisha mpaka kikawa kama ncha ya kidole. Akachora taratibu, mstari mrefu kuliko mingine, akausisitiza mara mbili.

"Imiet," akasema. Tano.

Tulienda kwake tukaketi nje. Alileta maziwa kwenye sufuria, yamechemshwa mpaka yakafanya utando, akanimiminia kikombe na kuniangalia nikinywa kwa uso wa mtu aliyefiwa na ng'ombe. Yake aliyanywa kutoka kwenye kibuyu. Tulikuwa tumekubaliana. Nilimwambia nyumbani yamebaki mabeseni mawili, moja nimewapa watoto waogeshee wanasesere. Akasema ni mwanzo mzuri.

Nilipoinuka kwenda nilimwona ameshika ile ncha ya chaki, anaifunga kwenye pindo la shuka kwa fundo dogo. Nilimwambia dozi imeisha, Yeyo, hakuna nyingine.

"Najua," akasema, akakaza fundo.

Ile mistari minne ya kwanza nilikuwa nimeisugua kila siku. Wa tano sikuugusa na maji. Niliuacha mpaka ukafifia wenyewe.